Zadock na Siku Zake Kumi na Nne za Hanoi

Mwaka 1974 Zadock Ogola, kijana wa miaka ishirini na tatu kutoka Shirati, alichaguliwa kwenda Hanoi na ujumbe wa vijana wa chama. Walikaa huko siku kumi na nne. Walilala katika hoteli ya wageni wa serikali, wakaonyeshwa kiwanda cha baiskeli, shule ya watoto wadogo na mabaki ya ndege ya Kimarekani iliyotunguliwa. Wakapewa kila mmoja beji na picha ya pamoja, wakarudi Dar es Salaam. Wenzake kumi na mmoja walipofika nyumbani waliendelea na maisha yao: huyu akaoa, yule akafungua duka, mwingine akafa. Zadock peke yake alibaki Hanoi. Miaka thelathini na miwili baadaye, akiishi katika fleti ya ghorofa ya pili mtaani Phillips, kusini mwa Minneapolis, alikuwa bado hajatoka huko.

Aliyejua hilo kuliko wote ni mkewe, Philister. Mara ya kwanza aliisikia Hanoi siku ya posa, mbele ya wazee wa Musoma waliokuja kuzungumzia ng'ombe. Aliisikia tena kwenye harusi, kwenye ubatizo wa binti yao Tulia, na kwenye matanga ya mama yake mzazi, ambapo Zadock alisimama kutoa rambirambi na kabla hajamaliza dakika tatu alikuwa ameshafika kwenye kiwanda cha baiskeli. Mwanzoni Philister alijivunia. Baadaye alizoea. Sasa, kila alipomwona mumewe akikohoa na kunyoosha kola mbele ya wageni, alikumbuka usemi wa shangazi yake kwamba debe tupu haliachi kuvuma, akainuka kwenda jikoni hata kama hakukuwa na kitu cha kupika.

Walikuja Minnesota mwaka 1988 kwa ajili ya shahada ya udaktari ya Zadock. Tasnifu ilihusu mkulima na mapinduzi. Haikuisha. Alipoulizwa alisema anaisahihisha, na aliisahihisha miaka kumi na minane. Kwa mwaka mmoja alikusanya tiketi kwenye maegesho ya magari mjini, akaacha kwa sababu, alivyosema, msimamizi wake hakuwa na mtazamo wa kihistoria. Toka hapo akawa mshauri. Alimshauri nani, hakuna aliyejua. Philister ndiye aliyesoma masomo ya jioni, akaanza kwa kuogesha wazee na kubadilisha mashuka, akapata leseni ya uuguzi, na kila alfajiri akasukuma theluji kwenye kioo cha gari kwenda kazini katika nyumba ya wazee huko Saint Louis Park.

"Huyo mzee wako," mwenzake wa kazi, Joan, Mkenya asiye na simile, alimwuliza siku moja, "ali-retire lini, na ali-retire kutoka wapi?"

Philister alicheka mpaka akaona aibu.

Katika nyumba hiyo ya wazee, mwishoni mwa 2004, aliletwa Bi Nhan, mwenye miaka themanini na miwili, mfupi, mgongo umepinda, macho makali kama ya kuku mwenye vifaranga. Mwanawe Khoi, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja huko Savage, alimleta baada ya bibi kuvunjika nyonga. Wiki haikuisha, Bi Nhan alikuwa ameshaidharau nyumba nzima. Wali wao, alisema, ni chakula cha bata. Mratibu wa burudani, msichana mwenye tabasamu la kudumu, alimletea karatasi za rangi ili akunje ndege.

"Hayo ni mambo ya Wajapani," Bi Nhan alimwambia. "Mwaka 1945 Wajapani walikuwa wamechukua mpunga wetu. Nilikwenda sokoni nikiruka maiti za watu waliokufa njaa. Wewe unataka niwakunjie ndege?"

Msichana alitabasamu, akasema anaelewa, akaziacha karatasi mezani.

Hata Philister hakusalimika. Siku ya kwanza alipoingia kumwogesha, bibi alimtazama toka juu hadi chini.

"Mara ya mwisho kumwona Mwafrika karibu hivi," alisema kwa Kiingereza chake cha kukatakata, "alikuwa amebeba bunduki ya Mfaransa, amesimama mlangoni kwetu Hanoi."

"Huyo alikuwa wa magharibi, bibi. Sisi kwetu alikuja Mjerumani, halafu Mwingereza. Mfaransa hatumjui."

"Mlimfukuza huyo Mwingereza?"

Philister alifikiri. "Aliondoka."

"Aliondoka," bibi alirudia, kana kwamba ametemewa kitu mkononi. "Kwetu Wachina walikaa miaka elfu moja. Elfu moja. Dada wawili walipanda tembo wakawatoa, Wachina wakarudi. Wengine wakawatoa tena. Hakuna aliyeondoka mwenyewe." Akanyoosha mkono uoshwe. "Maji yako ni ya baridi."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na kutoka hapo hawakuachana. Philister alikuja kujua kwamba Bi Nhan alizaliwa mtaa wa wafua bati katika mji mkongwe wa Hanoi, ambako kila mtaa uliitwa kwa kilichouzwa humo: mtaa wa hariri, mtaa wa feni, mtaa wa sukari. Baba yake alitengeneza taa za bati. Mwaka 1954, nchi ilipokatwa vipande viwili, alikimbilia Saigon na mumewe mwalimu. Mwaka 1975 waliowakimbia wakawafuata hukohuko. Mume akapelekwa kambini kufundishwa upya, na kilichorudi ni saa yake ya mkononi. Miaka mitano baadaye Bi Nhan na Khoi walipanda boti, wakafika kambi ya kisiwani Malaysia, halafu Saint Paul, ambako alishona mifuko ya majaketi kiwandani mpaka vidole vikakataa.

Hakulisimulia hilo kwa machozi. Alilisimulia kama mtu anayelalamikia huduma mbaya. Waliomkera zaidi walikuwa Wavietnam wenzake wa kusini, waliotia sukari katika kila kitu na kujaza majani kwenye supu ya tambi mpaka ng'ombe mwenyewe asingejua kama amepikwa. "Miaka hamsini nimekula kwao," alisema, "na bado najifanya nimeshiba."

Alimfundisha Philister pia kwamba katika Kivietnam mtu hasemi tu mimi na wewe. Husema bibi na mjukuu, shangazi na mpwa, kaka na mdogo, na usipojua nafasi yako huwezi hata kuomba maji. Philister alimwambia kwamba kwao Musoma ni karibu hivyohivyo. Tangu siku hiyo Bi Nhan alimwita mwanangu, kwa sauti ileile ya kukaripia.

Nyumbani, Philister aliwahi kumsimulia mumewe habari hizi. Zadock alisikiliza sentensi mbili.

"Mtaa wa bati?" alisema. "Sisi hatukuonyeshwa huo. Haukuwa na umuhimu."

Januari ya 2006 ndipo mambo yalipoiva. Shirika moja dogo la hisani mjini Saint Paul liliandaa sherehe ya Tet, Mwaka Mpya wa Kivietnam, katika ukumbi wa shule, na mwanamke kijana aliyeiratibu, Heather, akataka jamii nyingine za wahamiaji zialikwe kutoa salamu. Alimpigia Geofrey, mwenyekiti wa chama cha Watanzania, akamwuliza kama kuna Mwafrika anayeijua Vietnam. Geofrey alikuwa amekaa kwenye mikutano sita akisubiri Zadock amalize hotuba ili watu wale. Alilitoa jina hilo bila kuvuta pumzi.

Zadock aliiandika hotuba siku tisa. Alitoa suti ya kijivu kwenye mfuko wa nailoni. Akaipiga pasi beji yake, ndiyo, aliweka kitambaa juu ya beji akaipitisha pasi, na kuibandika kifuani: nyekundu, nyota ya njano katikati.

"Baba Tulia," Philister alisema, "hao watu wa Saint Paul ni wa kusini. Hiyo bendera ndiyo iliyowafukuza. Bendera yao ni ya njano, ina mistari mitatu."

"Mama Tulia, kati yangu na wewe, nani amekwenda Vietnam?"

"Wewe."

"Basi."

"Bi Nhan ameniambia. Mume wake alifia kambini."

Zadock alimtazama kwenye kioo, kwa huruma ya msomi. "Huyo unayemwogesha? Kumwogesha mtu hakukufanyi uijue nchi yake. Hayo ni mambo ya itikadi. Utachoka bure."

Philister angeweza kuendelea. Angeweza kumpigia Geofrey, au kuificha beji, au kumwambia Heather. Badala yake alimnyoosha kola, akamwambia amependeza. Baadaye alijua kabisa alichokuwa akifanya alipoinyoosha kola hiyo, na hakujisifu nacho.

Kesho yake alimweleza Bi Nhan. Bibi alimaliza kutafuna, akameza.

"Mwambie Khoi anichukulie ruhusa," alisema. "Na wewe utanisukuma kwenye kiti cha magurudumu. Nataka kumwona huyo mtu wa siku kumi na nne."

Jumamosi ya sherehe, adhuhuri, baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ukumbini palikuwa na joto, ubani, na watu kama mia mbili. Upande mmoja iliwekwa madhabahu ya mababu yenye machungwa na mishumaa. Pembeni yake palikuwa na bendera ya njano yenye mistari mitatu myekundu, kubwa kama shuka la kitanda. Bi Nhan alipitisha macho mezani.

"Keki zote za mviringo," alimnong'oneza Philister. "Keki ya wali ya Tet ni ya pembe nne, kama ardhi. Hawa hukunja magogo." Akatazama maua. "Na maua ya njano. Ya plastiki. Kwetu ni ya mpichi, mekundu. Haya, nipeleke mbele."

Mbele walikaa wazee wanaume, kadhaa wakiwa na sare za kijeshi za nchi isiyokuwepo tena, suruali zimefungwa juu ya vitambi. Mkubwa wao aliitwa Kapteni Quyen, mwembamba, mwenye kovu chini ya sikio, na ndiye aliyesimamia vipaza sauti. Zadock alikaa jukwaani kando ya Heather akiwa amejifunga koti mpaka shingoni. Alipoitwa, alilivua na kumkabidhi Heather. Beji ikang'aa.

Mnong'ono ulipita ukumbini kama upepo kwenye mahindi makavu. Zadock aliuchukulia kuwa ni heshima. Akainama kwenye kipaza sauti, akatamka maneno pekee ya Kivietnam aliyokuwa nayo duniani, aliyoyatunza tangu 1974:

"Chao dong chi."

Maana yake ni habari zenu, makomredi.

Mama mmoja katika safu ya tatu aliinuka, akamshika mwanawe mkono, akatoka. Zadock hakuona. Alikuwa ameshaingia kwenye Kiingereza chake cha mihadhara, anaeleza jinsi vijana wa Tanzania walivyoimba shuleni kwa ajili ya ukombozi wa Vietnam, jinsi alivyokishika kwa mikono yake chuma cha ndege ya mabeberu, na jinsi ushindi wa Aprili 1975 ulivyokuwa ushindi wa wanyonge wote. Safu ya nne ikainuka yote. Ya tano ikafuata. Heather alisimama pembeni na koti mkononi, akitabasamu na kutikisa kichwa kwa kuunga mkono. Alidhani wanakwenda kuchukua chakula.

Kapteni Quyen alitembea taratibu hadi ukutani akachomoa waya. Zadock aliendelea kusema kwa muda bila sauti, mdomo ukifunguka na kufungika, mpaka naye akagundua kwamba hasikiki.

"Nisogeze," Bi Nhan alisema.

Philister alimsukuma hadi chini ya jukwaa. Bibi aliinua uso.

"Bwana," alimwuliza Zadock, "ulikaa Hanoi wapi?"

Zadock alifurahi kuulizwa swali. "Hoteli ya wageni wa serikali, mama."

"Uliingia nyumba ya mtu yeyote?"

"Ratiba haikuruhusu."

"Ulikula kwa nani?"

"Kwenye karamu rasmi."

"Mtaa wa wafua bati uko upande gani wa ziwa?"

Zadock alikohoa. Akanyoosha kola. Akasema kwamba mtazamo wa ujumbe wao ulikuwa kwenye sekta ya uzalishaji.

"Mimi nilizaliwa huko," bibi alisema. "Wewe ulipewa chai barazani, na sasa miaka thelathini unawaeleza watu jikoni kulivyo." Hakupandisha sauti. Zadock alizikunja karatasi za hotuba yake.

Wazee wa sare wakaanza kupiga makofi. Bi Nhan aliwageukia na kiti chake, akasema nao kwa Kivietnam, na Khoi akawa anamtafsiria Philister sikioni huku uso umemwiva kwa aibu.

"Anawaambia nini?"

"Anasema wasipige makofi. Anasema mtu wa kwanza kuingia nyumbani siku ya Tet ndiye anayeleta bahati ya mwaka mzima, ndiyo maana huchaguliwa kwa makini, na wao wamemwachia msichana wa ofisini awachagulie." Khoi alimeza mate. "Anasema wanavaa sare za jeshi lililoshindwa kuilinda hata supu. Anasema... hayo mengine ni ya chakula."

Hakuna aliyeokoka siku ile. Hata Heather, alipokuja kumshukuru bibi kwa kushiriki hadithi yake, aliambiwa kwamba haikuwa hadithi, na kwamba asimamie koti alilopewa.

Walivuka mto kurudi Minneapolis. Philister aliendesha. Alikuwa ametegemea kwamba ataona huruma ikimjia, akaitafuta moyoni kama mtu anavyopapasa funguo mkobani. Alichokuta ni uchovu.

"Hadhira ilikuwa na mihemko," Zadock alisema.

"Ndiyo."

"Lakini ujumbe uliwafikia. Uliona walivyosimama?"

Philister alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Kabla hawajafika Phillips alikuwa ameshaanza kuijenga hadithi yake, na kufikia Machi jengo lilikuwa limekamilika. Nyumbani kwa Geofrey, sahani mapajani, Watanzania ishirini wakisikiliza, Zadock alieleza alivyohutubia umati wa Wavietnam mjini Saint Paul, na jinsi, alipofika kwenye ushindi wa 1975, ukumbi mzima uliinuka kwa heshima.

"Waliinuka wakaenda zao," Philister alisema.

Alisema bila kuinua macho kutoka kwenye pilau. Geofrey akapaliwa, na kicheko kikalipuka kutoka pembe moja hadi nyingine. Zadock alitazama watu hao, wengi wao waliomwita profesa usoni, na kuona kwamba walikuwa wakisubiri kucheka kwa miaka mingi. Siku kumi na moja hakumsemesha mkewe. Philister hakuwahi kupumzika hivyo tangu aolewe.

Bi Nhan alifariki Mei, asubuhi, baada ya kuirudisha chai kwa kuwa nyepesi. Philister ndiye aliyemwosha kwa mara ya mwisho. Aliyapima maji kwa kiwiko kwanza, mara mbili, kisha akayaongeza moto ingawa hapakuwa na wa kulalamika. Alilia akiwa peke yake kwenye chumba cha mashuka, si muda mrefu, kwa sababu bibi asingevumilia.

Mwezi Julai Khoi alimpigia simu kumwalika kwenye dua ya siku ya arobaini na tisa katika hekalu lao. Zadock alisikia mazungumzo hayo kutoka kwenye kochi. Alipomwona mkewe akivaa gauni jeusi, naye akaingia chumbani, akatoka na suti ya kijivu.

"Nitasema maneno machache," alisema. "Kwa niaba ya Watanzania."

"Wewe baki."

"Kwa nini?"

"Hukumjua."

"Nilizungumza naye hadharani."

"Baba Tulia," Philister alisema, akitafuta viatu, "alikuuliza maswali manne, na lile la mtaa wake hukulijibu. Kuna wali kwenye sufuria."

Alitegemea mabishano, lakini Zadock alikaa tena kwenye kochi na suti yake, akaichukua rimoti. Philister alifunga mlango.

Hekaluni watawa waliimba muda mrefu. Picha ya Bi Nhan ilikuwa juu ya madhabahu, amekunja uso kama anayetilia shaka bei. Khoi alikuwa ameagiza keki za pembe nne kutoka kwa mwanamke mmoja wa kaskazini aliyeishi mbali, na aliieleza kila sahani iliyopita, ili watu wajue kwamba amefanya. Philister alivua viatu na kukaa na wanawake, akala alichopewa.

Kapteni Quyen alikuja na birika, bila sare, katika shati la mikono mifupi. Alimmiminia chai, akachuchumaa kando yake.

"Wewe ndiye uliyemtunza," alisema.

"Ndimi."

"Na ndiwe mke wa yule mkomunisti."

"Si mkomunisti," Philister alisema. "Ni mtalii."

Kapteni alilifikiria hilo akiwa ameshika birika. "Afadhali angekuwa mkomunisti," alisema. "Wale huamka mapema." Akaenda kuwamiminia wengine.

Watu waliosikia habari hizi hupenda kuuliza kama Philister alimwacha mumewe. Hakumwacha. Aliendelea kwenda Saint Louis Park alfajiri, na Zadock aliendelea kusahihisha. Kilichobadilika ni kwamba Zadock alipokohoa mbele ya wageni, Philister hakuinuka tena kwenda jikoni. Alibaki palepale kitini, mikono mapajani, akimtazama usoni kwa utulivu mpaka amalize, na mara nyingi alimaliza mapema.